Gauni Linabana Kushoto

Kwa miaka mingi, kila Jumapili kabla ya misa ya pili, mama yangu alisimama kwenye mlango mkubwa wa kanisa letu hapa Songea akiwa na kikapu cha kanga. Msichana akija na sketi iliyoishia juu ya magoti, mama alimsogelea, akamsalimu Tumsifu Yesu Kristo, akamzungushia kanga kiunoni na kuibana kwa pini. Akija na mabega wazi, kanga ilipanda mabegani. Hakuwa mkali. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alifanya kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, na upole ule ulikufunga mdomo. Baada ya misa kanga zilirudi kikapuni. Siku ya Jumamosi alizifua na kuzianika nyuma ya nyumba yetu Bombambili, na mgeni akipita njia ya chini angedhani tuna harusi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na sina ugomvi na nguo ya heshima. Navaa gauni refu kwa hiari yangu. Miguu yangu haina habari njema ya kumtangazia mtu. Siandiki ili nibishane na paroko wala na akina mama wenzangu. Naandika kwa sababu nina hasira ambayo haijapata pa kukaa tangu tumzike mama. Wanaokuja kunipa pole huniambia nimshukuru Mungu kwamba aliondoka na heshima yake. Nawakaribisha chai, wanakunywa, na wakishaondoka naosha vikombe kwa nguvu mpaka vingine vinavunjika.

Mama alivaa kama mtu anayehama na kabati lake. Ndani shimizi, juu yake gauni la mikono mirefu, kiunoni kitenge, mabegani kanga. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Songea inapouma, aliongeza sweta, na mwezi wa kumi jua linapochoma kabla mahindi hayajapandwa, sweta lile lilikuwa bado mwilini. Baba alipofariki tulilala na mama chumba kimoja, lakini sikumbuki kuona bega lake. Alikuwa na ufundi wa kuvua nguo ndani ya nguo. Alivaa gauni la kulalia kwa juu, akahangaika humo ndani kwa muda, mwishowe gauni la mchana likaanguka miguuni na yeye hajaonekana hata goti. Viungo vya mwili hakuvitaja. Tumbo likimuuma alisema "huku ndani". Nilipovunja ungo aliyenieleza ni shangazi, huku mama akizunguka uani akijifanya anatafuta kuku.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba, na alizaliwa na tabia ambayo mama hakujua aiweke wapi. Alipenda kuonekana. Alipomaliza kidato cha nne alijishonea gauni lake la kwanza, kwa sindano ya mkono, la kitenge cha njano, lisilo na mikono, lililoishia magotini. Halikuwa baya. Nasema kama mtu aliyezoea kusahihisha kazi za watoto: halikuwa baya. Alilitunza kwa ajili ya Pasaka. Asubuhi ile mama alitangulia kanisani kama kawaida yake, kwa hiyo hakuliona mpaka tulipofika mlangoni tukiwa na watu wengi nyuma yetu. Alimtazama mwanawe mabegani, akachagua kanga nyekundu yenye michoro ya korosho nyeupe, akamfunika kuanzia shingoni.

"Mama, nimelishona mwenyewe," mdogo wangu alisema.

"Ni zuri, mwanangu. Litabaki kuwa zuri humo ndani," mama alijibu, akabana pini.

Nyuma yetu mtu alicheka. Mdogo wangu alisimama kidogo, akafungua pini, akaikunja ile kanga pindo kwa pindo, akaiweka juu ya nyingine kikapuni, akageuka akarudi nyumbani. Hakulia. Mama angeweza kumfuata, lakini watu walikuwa bado wanaingia, naye alikuwa na kazi ya mlango. Tangu siku ile mdogo wangu hakuingia tena katika kanisa lile.

Baadaye alikwenda Tunduru kwa ndugu zetu, akajifunza ushonaji kwa mama mmoja Mwislamu aliyeshona magauni ya harusi na mabaibui. Alinisimulia kwamba huko alijifunga ushungi kila siku kama majirani zake. Nilimuuliza nani alimlazimisha.

"Hakuna," alisema. "Hawakuniwekea kikapu mlangoni, dada."

Aliporudi Songea alikuja na cherehani yake, akapanga kibaraza Majengo, na haukupita muda mrefu mjini wakaujua mkono wake. Alishona akiwa amevaa suruali, futi ikining'inia shingoni, redio ikiimba. Yeye na mama hawakununiana. Afadhali wangenuniana. Walipeana shikamoo na marahaba, wakapelekeana mahindi mabichi na majani ya maboga, ila habari za nguo hawakuzigusa. Mama hakuwahi kumpelekea hata kanga ya kukunja pindo.

Kisha parokia ikaanza kujiandaa kwa jubilei yake. Akina mama wa chama cha parokia walikubaliana sare mpya, kitenge cha bluu chenye msalaba, na wakataka fundi mmoja ashone zote ili shingo na mikono ifanane. Wakamchagua mdogo wangu. Kwamba fundi mwenyewe haonekani kanisani, hakuna aliyelisema kwa sauti.

Akina mama walipanga foleni kibarazani kupimwa. Mama hakwenda. Alituma gauni lake la zamani, na hapo hakufanya jambo la ajabu, maana wengi kwetu hufanya hivyo. Kama hutaki fundi akuzungushie futi kifuani na kiunoni, unampelekea nguo inayokukaa vizuri, anapima nguo, na mwili wako unabaki nyumbani. Mdogo wangu alilipima gauni lile, akakata, akashona, akaniita nilichukue.

Mama alilipokea kwa mikono miwili, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo. Alikaa humo muda mrefu mno kwa kujaribu gauni moja. Alipotoka alikuwa amevaa nguo zake zilezile, sare ikiwa mkononi.

"Linabana," alisema.

"Wapi, mama?"

"Huku." Alipitisha kiganja hewani, mbali na mwili, upande wa kushoto. "Mwambie mdogo wako mimi si msichana. Nguo za kubana awashonee wasichana wenzake."

Nililirudisha Majengo. Mdogo wangu alilitandika juu ya lile la zamani mezani, na kweli yalilaliana kama chapati mbili.

"Unaona, dada? Nimekosea wapi?"

"We achia mshono tu, yaishe."

"Niachie pande zote?"

"Amesema kushoto."

"Nani anabanwa upande mmoja?" Alicheka kwa hasira, akachukua wembe wa kufumulia. "Haya. Kushoto."

Sote watatu tulidhani tunajua tunachogombania. Mama alisema mtoto bado ana kinyongo cha gauni la njano na sasa anataka kumchora umbo uzeeni. Mdogo wangu alisema mama anatafuta namna ya kumwaibisha mbele ya wateja. Mimi katikati nilibeba gauni kwenye mfuko wa plastiki, kwenda na kurudi, nikiwalaani wote kimoyomoyo. Gauni lilipofumuliwa na kushonwa upya, mama aliingia tena chumbani, akafunga tena mlango, akatoka na neno lilelile. Safari hii hakunituma mimi. Alilisema Jumapili mbele ya akina mama wenzake, kwamba mwanawe anambana makusudi, na wao wakacheka kwa kuwa walijua habari za zamani. Kabla jua halijazama maneno yalikuwa yamefika Majengo.

"Aliniaibisha mlangoni," mdogo wangu aliniambia kwenye simu, "sasa ananiaibisha kazini. Anataka niende wapi, dada? Nirudi Tunduru?"

Katika miezi hiyohiyo kanga za mlangoni zilianza kupungua. Mama aliwaeleza viongozi wa akina mama kwamba wasichana wanaondoka nazo. Katekista alitangaza baada ya misa: wanaofunikwa warudishe kanga, kanisa si duka. Msichana mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa amefunikwa Jumapili iliyotangulia, aliitwa mwizi pale bombani mbele ya wenye ndoo zao. Mama alizisikia habari hizo, akainamisha kichwa, akaendelea kuchambua maharage.

Mambo mengine tuliyaona, tukayaita uzee. Aliacha kuwabeba wajukuu upande wa kushoto. Kwenye sala za jumuiya alichagua kukaa karibu na dirisha, akisema joto limemshinda, ilhali yuko ndani ya sweta. Alinunua kafuri, ile ya kuwekea nguo zisiliwe na wadudu, na akaanza kunukia kafuri kama sanduku la bibi harusi wa zamani. Nilipomkumbatia alijitenga, lakini mama hakuwahi kuwa mtu wa kukumbatiwa. Kuna watu hunitazama wakitaka nijilaumu kwa hayo. Sijilaumu. Mtu aliyekaa maisha yake yote ndani ya nguo nne, nani atajua ameongeza ya tano?

Mdogo wangu aliachia tena upande uleule, mama akasema bado linabana, na mara ya tatu akakataa kulipokea gauni bila mwenyewe.

"Mwambie aje nimpime," alisema. "Kama mimi ni mbaya wake, aje aniambie hapahapa, futi ikiwa mkononi mwangu."

Sikutegemea mama angekubali, lakini alikubali. Nadhani alichoshwa na maneno ya watu. Tulikwenda kwa bajaji, naye akaushika upande wake wa kushoto kila tulipopita shimo. Mdogo wangu alitupokea kwa shikamoo baridi, akazima redio, akatuingiza nyuma ya pazia anakopimia wateja.

"Pima juu ya nguo," mama alisema.

"Mama, una sweta, una kanga, una kitenge. Nipime nini, ghala?"

"Pima hivyohivyo."

Mdogo wangu aliguna, akapitisha futi chini ya makwapa, akaizungusha kifuani na kuivuta mbele, kama anavyowafanyia wote. Hakuvuta kwa nguvu. Nilikuwa nimesimama pale, naapa hakuvuta kwa nguvu. Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake wala kwa mtu mwingine, akakaa juu ya kigoda cha fundi. Kanga ya mabegani ilianguka. Harufu ya kafuri ilitujia puani, na chini ya kafuri kulikuwa na harufu nyingine.

Mdogo wangu alipiga magoti mbele yake akaanza kufungua vifungo vya sweta.

"Acha, mwanangu," mama alisema, akimshika mikono. "Acha, watu wanaona."

Hapakuwa na watu. Tulikuwa sisi wawili aliotuzaa. Mdogo wangu hakuacha. Alifungua sweta, akafungua gauni mgongoni, akashusha shimizi, na mama akageuza uso ukutani kama mtoto anayesubiri sindano. Kifuani alikuwa amejizungushia vipande vya nguo, raundi juu ya raundi, vimebanwa kwa pini zilezile za mlangoni. Upande wa kushoto vilikuwa vimelowa. Kitambaa kilikuwa chekundu, kimepauka kwa kufuliwa, na juu yake kulikuwa na korosho nyeupe.

Mdogo wangu aliitambua ile kanga kabla yangu. Alikishika kile kipande kwa vidole viwili.

Mama alitueleza akiwa bado ameutazama ukuta. Kilipoanza kilikuwa kama punje ya hindi, kigumu, hakiumi. Alikwenda hospitali peke yake, akapanga foleni, akaitwa ndani. Daktari aliyemkuta alikuwa kijana ambaye mama mwenyewe alimfundisha kwa ajili ya kipaimara, sebuleni kwetu, akiwa mtoto wa kaptula. Kijana alisimama kwa furaha, akampa shikamoo, akamuuliza, "Mama yangu, unasumbuliwa na nini?"

"Ningemvulia vipi nguo yule mtoto?" mama alituuliza. "Mtoto aliyenisomea Salamu Maria?"

Alimwambia ana homa. Akapimwa malaria, akapewa vidonge vya maumivu, akashukuru, akaondoka. Hakurudi tena. Kilipopasuka hakutaka kununua bandeji, kwa sababu muuza dawa angeuliza kidonda kiko wapi. Kanga kuukuu ni laini, alisema. Zilikuwa nyumbani mwake, kikapuni, na nyingine alizinunua mwenyewe tangu mwanzo.

"Na wasichana, mama?" mdogo wangu aliuliza. "Wale mliowaita wezi?"

Mama aliivuta ile kanga iliyoanguka, akajifunika bega.

"Nitaungama," alisema mwishowe.

Tulimpeleka hospitali ya misheni. Aliyempima safari hii alikuwa daktari mwanamke, na mama hakuwa tena na nguvu za kukataa. Daktari alifanya kazi yake kwa utaratibu, akimfunika sehemu moja kabla ya kufunua nyingine, kisha akatuita nje kwenye ukumbi. Alisema ugonjwa umeshasambaa, umefika kwenye mapafu. Alisema kinachobaki ni kumpunguzia maumivu na kukisafisha kidonda. Nilimuuliza kama angekuja mwanzo, kikiwa punje. Alinitazama kwa huruma, akasema wengi wanaokuja mapema hupona. Nilikaa kwenye benchi nikatafuta wa kumchukia, sikumpata. Yule daktari kijana aliuliza, akajibiwa homa. Kanisa lilimwambia mwanamke ajisitiri; halikumwambia ajifiche mpaka aoze. Nalitumia neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe, na nimechoka kulizungukazunguka kama alivyolizungukazunguka yeye.

Nyumbani alikubali kuoshwa na mtu mmoja tu. Mimi, mkubwa, mwenye magauni marefu, nilifukuzwa chumbani.

"Huyu ameshaona," alisema, akimwonyesha mdogo wangu kwa kidevu.

Basi kila asubuhi mdogo wangu alikuja kutoka Majengo kabla ya kufungua kazi yake, akachemsha maji ya chumvi, akafumua vipande na kufunga vipya. Hakutumia bandeji za hospitali, mama hakuzipenda. Alichana kanga mpya alizonunua, akazifua mara kadhaa kwanza ili zilainike. Mimi nilikaa nje ya mlango nikisikiliza maji yakimwagwa kwenye beseni. Asubuhi moja nilisikia mama akisema, kwa sauti ya chini, kwamba siku ile ya Pasaka alimfunika ili watu wasimseme.

"Walinisema ulipokuwa unanifunika, mama," mdogo wangu alijibu. "Kabla ya hapo walikuwa wananitazama tu."

Baada ya muda nilisikia futi na sindano vikitajwa, na mama akiuliza kama lile gauni la njano bado lipo. Mdogo wangu alisema alilichana zamani akalifanya vitambaa vya kufutia cherehani. Mama alisema ni hasara, lilikuwa na shingo nzuri. Ukiacha lile neno la mlangoni, ndilo jambo la pekee jema aliloligusia kuhusu kazi ya mwanawe, na alilisema akiwa hawezi tena kujigeuza kitandani.

Alimwita padri, akaungama. Alichoungama ni siri yake, lakini Jumapili iliyofuata katekista alitangaza kwamba zile kanga zilizosemwa zimeibwa hazikuibwa, na kwamba mama yetu anaomba radhi. Alitangaza harakaharaka, katikati ya matangazo ya ndoa na ya kusafisha kanisa. Msichana wa mtaani kwetu hakuwepo kuyasikia. Alikuwa ameshahamia dhehebu jingine.

Jubilei ilifanyika bila mama. Tulisikia ngoma na vigelegele kutoka kanisani vikiletwa na upepo, na akina mama wakapita barabarani wakiwa bluu tupu, wakiimba. Walisimama mbele ya nyumba wakamwimbia wimbo mmoja. Mama aliomba tumfunike mpaka kidevuni kabla hatujafungua dirisha. Sare yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ukutani, upande wa kushoto umeachiwa mara mbili, haijavaliwa.

Alifariki asubuhi ya baridi, mdogo wangu akiwa ameshafungua kazi. Nilimpigia simu. Nikawaita na akina mama, wakaja na maji, sabuni, mafuta na kikapu. Kwetu mwanachama huzikwa na sare yake, na kumwosha na kumvika ni kazi ya wenzake. Mdogo wangu alifika akikimbia, na suruali yake ya kazini, nyuzi zimemganda magotini. Kwenye mlango wa chumba mama mmoja mzee, rafiki wa mama, alimzuia kwa upole, akachukua kanga kikapuni, akamfunga kiunoni.

Nilijiandaa kupiga kelele. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Mdogo wangu alimtazama yule mzee, akaiangalia kanga, akalikaza fundo mwenyewe, akaingia.

Walikuwa wameshamwosha. Walipomvika sare haikupita. Upande wa kushoto ulikuwa umevimba zaidi siku za mwisho, na mkono nao, kitambaa kikagoma kufika mgongoni.

"Tulipasue nyuma tu," alisema mmoja wao. "Ndivyo tunavyofanya. Akishalala nani atamwona mgongo?"

"Hapana," mdogo wangu alisema.

"Mwanangu, muda hautoshi, jeneza liko njiani."

"Mama yangu hatalala na mgongo wazi. Nendeni mkaniletee cherehani yangu."

Walitazamana. Kisha vijana wawili waliokuwa wanapanga viti nje walitumwa Majengo, wakarudi nayo kwa bajaji pamoja na meza yake. Aliiweka palepale chumbani, miguuni pa mama. Kitambaa cha kuachia kilikuwa kimekwisha, maana mshono ule ulishaachiwa mpaka mwisho, lakini alikuwa na kipande cha kitenge kilekile cha bluu alichokihifadhi. Alifumua kushoto kuanzia kwapani hadi kiunoni. Halafu alichukua futi na kumpima mama, kifua, bega, mkono, juu ya ngozi yake, bila haraka, kama mtu ambaye mteja wake amemruhusu. Wanawake tuliokuwa humo tuligeuza macho pembeni bila kuambiwa. Nje walikuwa wanaimba. Cherehani ilipoanza kulia walinyamaza, wote, mpaka ilipomaliza.

Alimvika mwenyewe, mimi nikimsaidia kumwinua. Gauni lilipita. Mgongoni vifungo vyote vilifungika, shingo ikakaa vizuri, mikono ikafika kwenye vifundo. Alipitisha vidole chini ya kitambaa, upande wa kushoto, jinsi fundi anavyopima kama mteja anapata pumzi, akauinamia uso wa mama.

"Bado linabana, mama?" aliuliza.

Akabaki ameinama hivyohivyo, vidole bado viko ndani ya mshono, akisubiri. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia autoe mkono.